Njia ya Maji: Safari za Mwambao wa Ngumbo Kabla ya Gari

Kisiwa, kwa maana iliyozoeleka, ni ardhi iliyozungukwa na maji pande zote. Ngumbo, katika mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, ina maji upande mmoja tu, ule wa machweo. Upande wa macheo imesimama milima ya Umatengo, ambayo hupanda kutoka ukingo wa ziwa, ulio kiasi cha mita 470 juu ya usawa wa bahari, hadi kupindukia mita 1,500. Kwa mtu aliyekuwa akisafiri kwa miguu, milima hiyo ilikuwa kizuizi kigumu kuliko maji yenyewe. Hivyo watu wa Ngumbo na wa vijiji jirani, kutoka Lituhi kaskazini hadi Liuli na Mbamba Bay kusini, waliishi maisha ya kisiwani pasipo kuwa kisiwani. Aliyetaka kwenda mbali aliyapa mgongo makwao na kuutazama mtumbwi.

Njia ya miguu ilikuwapo, na ilitumika sana. Ilifuata mchanga wa pwani mahali palipokuwa na mchanga, na pale majabali yalipoingia ziwani ilipanda juu ya jabali au ikamlazimu mpitaji kuteremka majini. Penye midomo ya mito, kama Ruhuhu unaoingia ziwani karibu na Manda, hapakuvukika ila kwa mtumbwi, kwani mamba walikuwa na neno lao hapo. Mzigo ulikwenda kichwani. Samaki mkavu, usipa zaidi, alipanda mlimani kwa Wamatengo, nayo mahindi na maharage yakateremka.

Mtumbwi ndio uliofupisha safari. Ulichongwa katika gogo moja, mwembamba kiasi kwamba asiyeuzoea haukai sawa chini yake, nao ulikwenda kwa kafi ukiambaa na ukingo. Msimu ndio uliotoa ruhusa. Kati ya Mei na Agosti huvuma upepo wa kusini mashariki uitwao mwera, ambao msomaji wa pwani atautambua mara moja kuwa ni ndugu wa kusi. Ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 550 humpa mwera nafasi ya kutosha kunyanyua mawimbi, na wakati huo mzee mwenye busara hakumruhusu mwanawe kuondoka ila alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mambo hayo mbaharia wa Pemba au wa Lamu asingehitaji kufundishwa.

Wala watu wa pwani hawakuwa wageni katika maji hayo. Tangu miaka ya 1840 hivi, Salim bin Abdallah, mfanyabiashara aliyetoka pwani, alijenga makao yake Nkhotakota, ng'ambo ya magharibi, na watawala waliomfuata waliitwa Jumbe. Majahazi yao, yaliyoundwa kwa ufundi wa Bahari ya Hindi, yalivusha pembe za ndovu na watumwa hadi ukingo wa mashariki, na kutoka hapo misafara ikashika njia ya miguu kuelekea Kilwa. Ni haki kulisema jambo hili katika kurasa zinazosomwa na wajukuu wa mabaharia: tanga lile lile linalosifiwa katika tungo za pwani liliogopwa huku. Na kutoka nchi kavu walikuja Wangoni kwa mashambulizi yao. Wasafiri Wazungu waliopita mwambao wa mashariki katika miaka ya 1870 walikuta watu waliohamia juu ya majabali yaliyozungukwa na maji, na wengine waliojenga nyumba juu ya nguzo ziwani. Hapo ndipo watu walipojitengenezea kisiwa kwa mikono yao.

Merikebu ya kwanza ya moshi ilikuwa Ilala, ambayo E. D. Young aliileta vipande vipande, ikabebwa mabegani kuyapita maporomoko ya mto Shire, na kuelea ziwani mwaka 1875. Ikafuata Charles Janson ya Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyokuwa na makao yake Unguja, iliyoshushwa majini mwaka 1885. Lakini iliyobaki katika kumbukumbu ni Chauncy Maples. Iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikavunjwa na kusafirishwa ikiwa vipande 3,481, na boila yake ya tani 11 ikakokotwa nchi kavu maili 64 na wanaume wa Kingoni wapatao 450. Ilizinduliwa mwaka 1901. Jina lake ni la askofu aliyezama katika ziwa hilo hilo mwaka 1895.

Merikebu hizo ziliifanya Likoma, kisiwa kidogo kilicho karibu na ukingo wa mashariki, kuwa mji mkuu wa safari za mwambao. Hapo palikuwa na shule, na kanisa kuu ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1903. Walimu waliondoka hapo kwenda kushushwa kijiji baada ya kijiji. Aliyeijua njia hiyo kuliko wengi ni William Percival Johnson, aliyefika Unguja mwaka 1876 na kulitumikia ziwa mpaka kifo chake mwaka 1928. Macho yake yalikuwa yameharibika karibu kabisa, na bado alikwenda kwa miguu na kwa mtumbwi pale merikebu ilipomwacha. Kaburi lake liko Liuli.

Liuli hiyo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lake. Agosti 1914 merikebu yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa chelezoni hapo kwa matengenezo, na nahodha wake, Berndt, alikuwa hajapata habari za vita. Rhoades, nahodha wa Guendolen ya Waingereza, aliyekuwa rafiki yake wa kunywa naye, akatokea na kupiga mzinga. Husimuliwa kwamba Berndt alikwenda kwa mashua kumwuliza kama amelewa. Akatekwa. Kwa wakuu wa London huo ulikuwa ushindi wa majini. Kwa wakazi, ilikuwa chombo kimoja kimepungua katika ziwa lenye vyombo vichache.

Baada ya uhuru, Songea na Iringa ndizo meli zilizopita kutoka Itungi, Kyela, hadi Mbamba Bay, na katika vijiji vingi meli ilikuwa ndiyo saa na kalenda. Honi ikisikika usiku, kijiji kizima huamka. Kwa kuwa vituo vingi havikuwa na gati, meli ilitia nanga mbali kidogo, na mitumbwi ikaifuata kuchukua abiria, mifuko ya saruji, mbuzi na wagonjwa. Hatua ya mwisho ya safari, hata ile iliyoanzia Dar es Salaam, ilimalizikia katika gogo lililochongwa. Na meli ikiharibika, mwambao ulirudi katika karne iliyopita kwa muda wa wiki au miezi.

Gari lilikuja kwa kuchelewa, nalo lilitoka mlimani. Mwaka 2012 wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 barabara ya lami ya kilomita 66 ikashuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Faida yake haihitaji kuelezwa kwa mama aliyewahi kubebwa kwa machela akiwa na uchungu wa kuzaa. Lakini barabara iliugeuza mwambao uso. Zamani soko, mwalimu na mchumba vilitazamiwa kutoka majini. Sasa vinatazamiwa kutoka Mbinga na Songea. Na majini kwenyewe pameingia mpaka: mwaka 1967 Tanzania iliiarifu Malawi kuwa mpaka unapita katikati ya ziwa, Malawi ikashikilia kuwa unafuata ukingo wa mashariki, na mwaka 2012 utafutaji wa mafuta uliliamsha tena shauri hilo. Likoma, ambako mababu walikwenda kusoma kwa mtumbwi, ni sehemu ya Malawi, na anayekwenda kumzika shangazi yake huko anavuka nchi.

Mwaka 2021 meli mpya, Mbeya II, ilianza kazi kutoka Itungi, ikiwa na nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Usipa wa Ngumbo siku hizi hupanda milima kwa pikipiki. Asubuhi za mwera, mitumbwi bado hutoka kabla ya jua, ikiambaa na ukingo.