Homa Zilizojificha Nyuma ya Malaria

Kisumu na vijiji vyote vya ufuoni, mtoto akichemka mwili usiku, kila mtu husema ni malaria. Mara nyingi ndiyo kweli, maana ukanda huu wa Ziwa Viktoria ni kati ya maeneo ya Kenya yanayoteswa zaidi na ugonjwa huo. Lakini kuna homa nyingine zilizopita humu humu bila kutambuliwa, na zilifichuliwa na damu ya wagonjwa wenyewe.

Mwaka wa 1959, watu wa kaskazini mwa Uganda walishikwa na homa, upele na maumivu makali ya viungo. O'nyong-nyong, kama Waacholi walivyouita ugonjwa huo, ilienea hadi Kenya na Tanzania, na kufikia 1962 watu wapatao milioni 2 walikuwa wameugua. Watafiti wa Entebbe waligundua kwamba huenezwa na Anopheles, mbu yule yule wa malaria. Kisha ukatoweka. Mwaka wa 1978 virusi vyake vilipatikana ndani ya mbu magharibi mwa Kenya, ingawa hakukuwa na mlipuko uliojulikana.

Mwaka wa 1996 homa ya viungo ikazuka tena kusini mwa Uganda, huko Rakai na wilaya jirani. Je, ni o'nyong-nyong, au ni binamu yake chikungunya, iliyotambuliwa mara ya kwanza nyanda za Makonde, Tanganyika, miaka ya 1952 na 1953? Kupima kingamwili hakutoshi, kwa kuwa kingamwili za virusi hivi viwili huchanganyikana kwenye kipimo. Robert Lanciotti na wenzake wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, wakazisoma chembe za urithi za virusi hivyo, karibu herufi 12,000, wakazilinganisha na za virusi vya zamani. Jibu likawa wazi: ni o'nyong-nyong.

Kisumu nayo ikafikiwa na zamu yake. Dengi, homa nyingine ya virusi, ilikuwa imezoeleka kama habari ya mbali: Malindi mwaka wa 1982, Mandera 2011, Mombasa 2013. Kati ya Julai 2014 na Juni 2015, watafiti walichukua damu ya watoto wenye homa waliotibiwa magharibi mwa Kenya, Kisumu na Chulaimbo. Maabarani, RNA, yaani chembe za urithi za virusi, hutolewa kwenye damu, hugeuzwa kuwa DNA, kisha mashine huipasha moto na kuipoza mara kadha wa kadha. Kila mzunguko huongeza nakala, na virusi vikiwemo, mwanga hupanda kwenye skrini. Dengi ikaonekana, nyingi ya aina ya kwanza, lakini aina zote nne za virusi vyake zilikuwepo, na baadhi ya watoto walibeba mbili kwa pamoja.

Nasikitika kuwafikiria watoto hao. Dawa ya malaria haigusi dengi. Mbu wake, Aedes aegypti, huuma mchana na hutaga kwenye mapipa ya maji na matairi yaliyotupwa, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Zaidi ya hayo, aliyepona aina moja hapati kinga ya kudumu dhidi ya tatu zilizobaki. Akiambukizwa baadaye na aina tofauti, hatari ya kuvuja damu na kuishiwa nguvu za mzunguko wa damu huongezeka. Daktari anayejua hivyo humpa mtoto maji ya kutosha na parasetamoli, na humkataza aspirini na ibuprofeni.