Kwa nini Kigamboni unalipa darajani, Dumila hulipi?

Januari 2014 mafuriko yalikata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma pale darajani Dumila, wilayani Kilosa. Kwa watu wa Mvumi na jirani, hiyo ndiyo njia ya Dodoma. Ikikatika, gari linazungukia Iringa, na huo si mzunguko mdogo.

Daraja lilitengenezwa, na kulivuka ni bure. Ukweli ni kwamba dereva ameshachangia: kila lita ya mafuta ina tozo ya Mfuko wa Barabara.

Daraja la Nyerere, Kigamboni, lenye mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. NSSF ilitoa asilimia 60 ya gharama, Serikali 40. Hela za wanachama lazima zirudi, ndiyo maana kuna geti. Tozo ilipunguzwa 2022. Asiyetaka kulipa anazungukia Kongowe.