Dishi moja, simu zote: Angalia TV ya setilaiti nyumbani bila kula bando

Nyumba nyingi zina dishi moja juu ya bati na TV moja sebuleni. Baba anataka taarifa ya habari, watoto wanataka katuni, rimoti ni moja. Kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kadi ya benki inaweza kumaliza ugomvi huo. Inapokea chaneli kutoka kwenye dishi na kuzisambaza kwa Wi-Fi, kila mtu anaangalia kwenye simu yake.

Na bando? Haliguswi. Picha inatoka kwenye dishi, inapita kwenye ruta ya nyumbani, inaishia kwenye simu. Hata intaneti ikikatika, TV inaendelea.

Vinavyohitajika

• Kompyuta ndogo. Inayojulikana sana ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Pi 4 ya mwaka 2019 inafaa kuliko za nyuma yake. Kwenye Pi 3, USB na waya wa mtandao hugawana njia moja, hivyo kazi ikizidi picha hukwama.

• Tuna ya DVB-S2 ya kuchomeka kwenye USB. Chagua yenye adapta yake ya umeme, maana LNB inataka volti 13 au 18 wakati USB ya kawaida hutoa volti 5. Hakikisha pia inakubali Linux. Usichanganye na TV HAT ya Raspberry Pi, hiyo ni ya antena, si ya dishi.

• Programu ya Tvheadend, ni ya bure. Ikishawekwa, mipangilio yote hufanyiwa kwenye kivinjari cha simu.

• VLC au Kodi kwenye simu za watazamaji.

Pale wengi wanapokwama

Tvheadend itauliza aina ya LNB. Dishi dogo la Ku mara nyingi hutumia LNB ya namba 9750 na 10600. Dishi kubwa la C hutumia 5150. Namba hizi huandikwa kwenye LNB yenyewe. Ukikosea hapo, programu itatafuta chaneli na kurudi mikono mitupu, hata kama dishi limelengwa vizuri. Wengi humwita fundi bure.

Pia, unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Wi-Fi iachiwe simu tu.

Simu ngapi zinaweza kuangalia?

Tuna moja husikiliza transponda moja kwa wakati, yaani fungu moja la masafa. Habari njema ni kwamba transponda moja hubeba chaneli kadhaa. Simu tatu zinaweza kuangalia chaneli tatu tofauti kwa tuna hiyo moja, mradi zote ziwe kwenye transponda hiyo. Mtu wa nne akitaka chaneli ya transponda nyingine, itahitajika tuna ya pili na LNB yenye matundu mawili.

Kugawa waya mmoja kati ya king'amuzi na tuna huleta vurugu. Kila kimoja kinatuma volti yake kwa LNB, na chaneli zinapotea ovyo.

Kurekodi

Tvheadend inarekodi pia. Chaneli ya HD ya Mbps 8 hula GB 3.6 kwa saa. Tumia hadi diski ya nje, kwa sababu memori kadi huchoka haraka ikiandikwa kila siku.

Kabla ya kutoa hela

Mfumo huu hufungua chaneli za bure tu. Za kulipia zimefungwa, na kununua kodi za mtandaoni za kuzifungua ni wizi. Usiifungulie Tvheadend njia ya kufikiwa kutoka nje ya nyumba, na iwekee nywila.

Kwa hiyo kwanza angalia dishi lako limeelekea setilaiti gani na ina chaneli gani za bure. Kama karibu zote ni za kulipia, tuna haitakusaidia kitu mpaka dishi ligeuzwe kwenye setilaiti nyingine.