Sarafu Kubwa na Sarafu Ndogo: Chimbuko la Mgogoro wa Fedha katika Majimbo ya Kijerumani, 1559–1623

Mgogoro wa sarafu uliozikumba nchi za Kijerumani kati ya 1619 na 1623, ujulikanao kama Kipper- und Wipperzeit, mara nyingi huhusishwa na Vita vya Miaka Thelathini. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Makala haya yanadai kwamba mbegu ya mgogoro huo ilikuwamo ndani ya sheria yenyewe.

Sheria ya Sarafu ya Dola Takatifu ya Kirumi ya 1559, pamoja na marekebisho ya 1566, iliagiza kwamba Mark moja ya Köln ya fedha safi, yaani takriban gramu 234, itoe Reichsthaler 9. Sarafu ndogo nazo zilitakiwa kukaribia kiwango hicho. Hapo ndipo tatizo lilipojificha. Reichsthaler moja ilihesabiwa kuwa Kreuzer 68, ilhali gharama ya kufua Kreuzer 68 ilizidi mno gharama ya kufua thaler moja. Mtawala aliyeitii sheria alipata hasara. Aliyeongeza shaba alipata faida. Ukaguzi nao uliachiwa kanda za Dola, ambazo wajumbe wake walikuwa watawala haohao.

Ushahidi wa hoja hii ni kwamba hata kabla ya vita kuanza mwaka 1618, bei ya Reichsthaler ilikuwa imekwisha kupita Kreuzer 80. Vita viliharakisha tu mwendo uliokuwapo. Mwaka 1622, Karl von Liechtenstein, Albrecht von Wallenstein, Hans de Witte na wenzao walikodi haki ya kufua sarafu katika Bohemia na nchi jirani, wakatoa Gulden 79 kutoka Mark moja. Mjini Augsburg Reichsthaler ilifikia Kreuzer 600. Waliobeba mzigo ni wale waliolipwa kwa sarafu ndogo: vibarua, askari, walimu na wajane. Ghasia zilizuka Magdeburg mwaka huohuo.

Mwaka 1623 Reichsthaler ilirudishwa kwenye Kreuzer 90, si 68. Kisha, mwaka 1667, Saxony na Brandenburg zilikubaliana huko Zinna kwamba sarafu ndogo zifuliwe kwa thaler 10½ kwa Mark, huku Reichsthaler ikibaki 9. Hivyo watawala walikiri kisheria kile ambacho sheria ya 1559 ilikikataa: sarafu ndogo ina gharama yake, na gharama hiyo isipopangwa wazi, hulipwa na maskini.