Kifudifudi Juu ya Wimbi: Asili ya Ubao wa Kulalia

Watu wa Hawaii waliuita mchezo wa kupanda mawimbi he'e nalu, yaani kuteleza na wimbi, na jina hilo halikusema lolote kuhusu mkao wa mtelezaji, kwa kuwa aliyesimama, aliyepiga magoti na aliyelala kifudifudi wote walihesabiwa kuwa wanateleza. Mgawanyo wa daraja kati yao ulikuja baadaye, na umekita mizizi kiasi kwamba mtu mzima anayeingia baharini leo akiwa na ubao mfupi wa sponji, ule unaotumika katika mchezo unaojulikana kimataifa kama bodibodi, mara nyingi huambiwa kwamba anapita njia ya watoto kabla ya kuufikia mchezo wenyewe, ambao ni wa kusimama. Historia haiungi mkono fikra hiyo. Kulala kifudifudi kumeonekana katika pwani zilizotengana sana na zisizokuwa na mawasiliano baina yake, na ndiko kunakojitokeza katika baadhi ya maandishi ya kale zaidi yaliyobaki kuhusu binadamu na wimbi.

Katika pwani ya Ghana ya leo, msafiri Jean Barbot aliwaona watoto wa Elmina mwishoni mwa karne ya 17 wakijifunza kuogelea kwa msaada wa vipande vya mbao au vifungu vidogo vya mafunjo vilivyofungwa chini ya tumbo. Katika miaka ya 1830, ofisa Mskoti James Edward Alexander aliandika habari za wavulana wa Accra waliokuwa wakiogelea hadi nje wakiwa na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakalisubiri wimbi, kisha wakarudi ufukweni wakiwa juu yake. Maelezo hayo mawili yanastahili kusomwa pamoja, kwa sababu yanadokeza kwamba ubao ulianza kazi kama mwalimu wa kuogelea na ukaendelea kuwa chombo cha kuchezea, bila mtoto kulazimika kubadilisha namna ya kuulalia. Upande wa pili wa dunia, Luteni James King, aliyesafiri na Kapteni James Cook, alieleza mwaka 1779 jinsi watu wa Ghuba ya Kealakekua walivyojilaza juu ya ubao wenye ncha za mviringo, wakaibana miguu pamoja juu yake na kutumia mikono kuuongoza. Hata sasa mwalimu akimweleza mwanafunzi mkao wa msingi hatakuwa na mengi ya kuongeza juu ya maneno ya Luteni huyo.

Ubao mfupi wa Hawaii ulikuja kufahamika zaidi kwa jina la paipo. Ulitofautiana na olo, ubao mrefu na mzito uliohusishwa na machifu, pia na alaia, ubao mwembamba wa urefu wa kati, ingawa machifu wenyewe hawakuona aibu kulala juu ya paipo. Mbao hizo zilichongwa kwa miti kama koa na mshelisheli, mti ambao wakazi wa Unguja na Pemba wanaujua zaidi kwa shelisheli zake za kuchemsha na kuchoma kuliko kwa mbao zake. Fundi alichonga kwa shoka la jiwe, akasugua kwa matumbawe makavu hadi uso ukalainika, kisha akaupaka mafuta ya kokwa za mti wa kukui ili maji yasipenye. Ubao wa namna hiyo ulikuwa mgumu na mwembamba, ukipita kasi juu ya maji lakini pia ukimwumiza aliyeukosea, na ugumu huo ndio uliobaki kuwa kikwazo cha anayeanza kwa takriban karne mbili zilizofuata.

Karne ya 19 nusura iufute mchezo huu katika nchi yake. Maradhi yaliyoletwa na wageni yaliua sehemu kubwa ya wananchi wa Hawaii, wamisionari wa Kimarekani waliofika mwaka 1820 hawakupendezwa na michezo ya utupu na kamari zilizoambatana nayo, na mpangilio wa kazi ukabadilika, hata watu waliokuwa wakiacha shughuli zao wimbi zuri likitokea wakakosa nafasi hiyo. Mchezo ulipohuishwa Waikiki mwanzoni mwa karne ya 20, uliingia katika mabango ya utalii na magazeti kwa sura moja hasa, ya mtu aliyesimama wima juu ya ubao mrefu. Jack London aliuandika hivyo mwaka 1907, na Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki, aliuonyesha hivyo Marekani na Australia. Hapakuwa na nia mbaya kwa aliyelala. Hata hivyo picha ya mtu wima ilisafiri mbali kuliko picha ya mtu ambaye kichwa chake tu ndicho kinachoonekana katikati ya povu, na kutokana na picha hiyo ikazaliwa imani kwamba kusimama ndiko kuujua mchezo.

Waliolala hawakutoweka. Katika fukwe za Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, na za Muizenberg karibu na Cape Town, watu wa kawaida waliokwenda mapumzikoni walitumia vibao vyepesi vyembamba, aghalabu vyenye ncha iliyokunjwa kuelekea juu ili isichome maji. Mwandishi wa riwaya Agatha Christie alijifunza kwa vibao vya aina hiyo Muizenberg mwaka 1922, kabla ya kufika Waikiki mwaka huohuo na kujaribu kusimama, na katika tawasifu yake anaukumbuka kuwa mchezo rahisi na wa kufurahisha, isipokuwa pale ncha ilipozama na kumtupa mtu mchangani. Namna ya kuupanda ilikuwa ileile inayofundishwa sasa: mtu alisimama mahali ambapo maji yanafika kiunoni, akageuza mgongo kwa bahari huku akitazama nyuma begani, na wimbi lilipomfikia akajisukuma kwa miguu na kulala juu ya ubao. Njia hiyo haihitaji ustadi wa kuogelea wa kiwango cha juu, lakini ina mpaka wake, kwani anayetegemea kukanyaga mchanga hawezi kulifuata wimbi linapoanzia, ambako ni refu na halijavunjika.

Mpaka huo uliondolewa na mapezi ya miguuni, yaani viatu vya mpira vyenye kisigino wazi na bapa mbele, vinavyompa mwogeleaji nguvu ya kujisukuma bila kutumia mikono. Mfaransa Louis de Corlieu alikuwa ameyasajili mapezi yake katika miaka ya 1930, na Mmarekani Owen Churchill akapata hataza ya muundo wake katika miaka ya 1940, muundo ambao hadi leo unauzwa kwa jina lake na unapendwa na wapandaji wa mawimbi. Kwa anayelala kifudifudi kifaa hiki kina uzito sawa na ubao wenyewe, na kosa la kawaida la wanaoanza ni kununua ubao mzuri na kuyaacha mapezi dukani, wakidhani ni mapambo. Asiye na mapezi hubaki kwenye povu la ufukweni. Aliye nayo anaweza kwenda nje, kupata mwendo unaokaribia ule wa wimbi, na muhimu zaidi, kurudi akichoka.

Ubao wenyewe ulipata sura yake ya sasa tarehe 7 Julai 1971, katika Kisiwa Kikubwa cha Hawaii. Tom Morey, aliyezaliwa Detroit mwaka 1935, alikuwa amesoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Southern California na kufanya kazi katika kiwanda cha ndege cha Douglas kabla ya kujiingiza katika biashara ya mbao za mawimbi, na mwaka 1965 aliandaa Ventura mashindano yanayokumbukwa kuwa ya kwanza ya mchezo huo kutoa zawadi za fedha. Siku hiyo ya Julai, mawimbi yakiwa yanavunjika karibu na nyumbani kwake, alichukua kipande kirefu cha sponji ya poliethilini, jamii ileile ya plastiki inayotengenezewa mifuko, akakikata katikati kwa kisu. Sponji hiyo imejaa vijishimo vya hewa vilivyofungwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo hainywi maji hata ikichanika, lakini uso wake uliokatwa huwa na mikwaruzo. Morey alitandika juu yake kurasa za gazeti la Honolulu Advertiser ili plastiki isigande kwenye chuma, akapitisha pasi ya moto kama mtu anyooshaye kanzu, na joto likaziba uso na kumwezesha kukunja kingo na ncha. Kesho yake aliupeleka majini, na mkewe, aliyekuwa mjamzito wa miezi mingi, naye akaupanda.

Jambo la mwisho hilo lina uzito wa kihistoria kuliko linavyoonekana. Ubao wa kusimamia wa wakati huo ulikuwa wa sponji ngumu iliyofunikwa kwa faibaglasi, wenye mapezi makali chini yake, na mtu aliyeangushwa nao alikuwa na sababu ya kuuogopa kuliko kuyaogopa maji. Ubao wa Morey ulijikunja ulipogonga mwili. Yeye mwenyewe alivutiwa na sifa nyingine, kwamba kupitia sponji laini mpandaji alihisi kila badiliko la umbo la wimbi likipita chini ya kifua na tumbo, jambo ambalo ubao mgumu huficha. Jina la kwanza alilolifikiria lilimaanisha nyoka, likiwa limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayotaja ubavu, kitovu, mkono, goti na kiwiko, ambavyo vyote vinagusa ubao. Baadaye alichagua Boogie, kutokana na mtindo wa muziki wa piano aliokuwa akiupenda, na jina hilo la biashara likaenea hadi katika nchi nyingi likawa jina la kifaa chenyewe. Kampuni yake iliuzwa kabla ya muongo huo kwisha, na mbao hizo zikaingia katika maduka ya kawaida ambako familia isiyojua lolote kuhusu mawimbi iliweza kuzinunua pamoja na taulo na miavuli.

Mbao za leo zinafuata kanuni ileile kwa tabaka nyingi zaidi. Kiini kinaweza kuwa cha poliethilini, ambayo hujikunja vizuri katika maji baridi lakini hulegea mno katika maji ya joto, au cha polipropilini, iliyo ngumu na nyepesi zaidi na inayofaa bahari za ukanda wa joto. Mbao za bei ya chini kabisa huwa na kiini cha polistirini, ile sponji nyeupe inayotumika kufungashia televisheni, ambayo huvunjika haraka na vipande vyake hubaki vikielea baharini, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuitetea. Chini huwekwa tabaka la plastiki nyororo linalopunguza msuguano, na katika nyingi hupitishwa fimbo ndani kwa urefu wake ili ubao urudi katika umbo lake baada ya kukunjwa. Kipimo kinachotumika kwa anayeanza ni chepesi: ubao ukisimamishwa chini unatakiwa kufika karibu na kitovu. Kamba ya usalama hufungwa juu ya kiwiko au kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa ubao uliopotea unamwacha mtu bila kitu cha kushikilia na pia unaweza kumpiga mwingine.

Masomo ya kwanza yanabaki kwenye maji ya kiunoni, yenye mchanga chini, na kwa mawimbi yaliyokwisha kuvunjika. Mwanafunzi hushika ncha kwa mikono miwili, hulaza nyonga karibu na mkia wa ubao, huinua kichwa na kujisukuma kabla wimbi halijamfikia. Akikaa mbele mno, ncha huzama. Akikaa nyuma mno, wimbi humpita chini na kumwacha. Kugeuka hutokana na kuhamishia uzito kwenye kiwiko na nyonga za upande anaotaka kwenda. La kujifunza kabla ya hayo yote ni kuutambua mkondo unaorudi baharini, ambao huonekana kama njia ya maji yaliyotulia au yenye rangi tofauti kati ya mawimbi yanayovunjika, na ambao humhadaa mgeni kwa utulivu wake. Aliyechukuliwa nao hapaswi kupambana nao uso kwa uso, bali kubaki juu ya ubao, kuogelea sambamba na ufukwe hadi atoke ndani yake, kisha kurudi na mawimbi ya pembeni.

Sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili haikuwa mahali pa kukuza mchezo huu, na sababu iko chini ya maji: miamba ya matumbawe hulivunja wimbi mbali na ufukwe na kuyaacha maji ya ndani yakiwa shwari, hali iliyowafaa wenye ngalawa na wakulima wa mwani, lakini inayomnyima mtelezaji wimbi la kumsukuma. Kusini zaidi, ambako bahari ya wazi hufika hadi mchangani, hali ni nyingine, na Afrika Kusini ilimtoa Andre Botha, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1998 na 1999 akiwa bado kijana mdogo.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1982 katika wimbi la Pipeline, kaskazini mwa Oahu, na Mike Stewart wa Hawaii akaja kutwaa ubingwa mara 9. Yeye na wenzake walithibitisha kwamba mwili uliolala huweza kuingia katika handaki la maji mahali pembamba mno kwa aliyesimama. Huko Waikiki kwenyewe, ilikotoka ile picha ya mtu wima, kuna ukuta wa zege ulioingia baharini mwishoni mwa Barabara ya Kapahulu, na jioni watoto wa mjini hujirusha kutoka juu yake wakiwa wamekumbatia mbao za sponji na kuvaa mapezi miguuni, wakapiga miguu hadi linapoanzia wimbi na kurudi nalo kifudifudi.