Historia Inayopita Ndani ya Mpira wa Breki

Chini ya kila gari kuna sehemu tatu au nne ambako bomba la chuma hukoma na mpira hupokea. Mafuta ya breki hutoka kwenye masta silinda, hufuata bomba jembamba lililofungwa kwenye chesisi, na yakikaribia gurudumu huingia kwenye mpira mfupi usiozidi sana urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidoleni. Sababu ni rahisi. Chesisi imetulia, gurudumu halitulii. Linapanda na kushuka kwenye mashimo, na la mbele hugeuka kushoto na kulia kila dereva anapokata kona. Bomba la chuma likilazimishwa kufuata mwendo huo litachoka na kukatika. Mpira hukubali kupindwa. Kwa hiyo uhai wa waliomo garini hupita, kila breki inapokanyagwa, kwenye tundu lenye upana wa milimita tatu hivi.

Mjomba wangu ana Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, na bado anashusha nayo kabichi, karoti na plamu kutoka Lushoto hadi Mombo. Anayeifahamu barabara ile anajua maana ya neno kushusha. Ni zaidi ya kilomita thelathini za kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na niliposhinda gerejini wakati mipira ya gari lile ikikaguliwa, nilitambua kwamba kile kipande cheusi kilichopasuka ngozi kina habari nyingi kuliko majalada kadhaa niliyowahi kufungua.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, alionyesha kwamba kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja hupeleka msukumo huo kila upande bila kuupunguza. Ilichukua zaidi ya miaka 250 kabla mtu hajaipeleka kanuni hiyo kwenye magurudumu manne. Mmarekani Malcolm Loughead, ambaye familia yake baadaye iliandika jina lao kama Lockheed, alipata hataza ya breki za mafuta mwaka 1917. Mwaka 1921 dereva Jimmy Murphy alishinda mbio za Grand Prix ya Ufaransa kule Le Mans akiendesha Duesenberg yenye breki za aina hiyo. Mwaka 1924 Chrysler wakaziweka kwenye gari ambalo mtu wa kipato cha kati angeweza kulinunua. Wahandisi wao waliona kwamba vikombe vya ngozi ndani ya silinda vinavuja, wakaweka vya mpira.

Si kila mtu aliamini. Kampuni ya Ford iliendelea na breki za fito na nyaya hadi mwisho wa miaka ya 1930, na katika matangazo yake ilijisifu kwamba kutoka kwenye pedali hadi kwenye gurudumu ni chuma kitupu. Ilibadilika katika magari yake ya mwaka 1939. Ni rahisi leo kuwacheka, lakini hofu yao ilikuwa na mantiki. Waya ukilegea unaonekana, na fundi anaukaza. Mpira unaweza kuonekana mzima nje huku ndani umeoza. Kukubali breki za mafuta kulikuwa kukubali kuweka imani kwenye kitu usichoweza kukiona.

Na mpira wenyewe ulitoka wapi? Hapa historia ya magari inaingia kwenye historia yetu. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 jinsi ya kuupika mpira kwa salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi. Baada ya Dunlop kutengeneza tairi la upepo mwaka 1888, dunia ikawa na kiu ya mpira isiyozimika. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili watu walilazimishwa kukamua mitambaazi ya msituni, na walioshindwa kufikisha kiasi kilichotakiwa walichapwa, walitekwa familia zao, walikatwa mikono, waliuawa. Kusini mwa Tanganyika ya baadaye, mpira wa mwituni ulikuwa bidhaa kubwa iliyoshuka hadi bandari za Kilwa na Lindi.

Wajerumani nao walipanda miti ya mpira wa Ceara, hasa kwenye nchi ya chini ya Tanga, chini ya milima ileile ambayo Land Rover ya mjomba inaipanda na kuishuka. Mti huo asili yake ni Brazil, na ni ndugu wa muhogo. Mashamba yalistawi kwa miaka michache. Wakati huohuo mbegu za mpira wa Amazon, ambazo Henry Wickham alizipeleka London mwaka 1876, zilikuwa zimezaa mashamba makubwa huko Malaya na visiwa vya jirani. Mpira wa Asia ulipomiminika sokoni, bei ilianguka mwaka 1913 na wapandaji wa huku wakafilisika. Miti ikaachwa. Haikubaki bure kabisa: wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, katika Usambara ya mashariki, waliizalisha pamoja na muhogo ili kupata mihogo inayostahimili ugonjwa wa batobato. Na Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza waliyakumbuka mashamba yaliyotelekezwa, wakawarudisha watu kukamua, wengine kwa amri.

Sidai kwamba utomvu wa Muheza uliwahi kufika kwenye breki za Chrysler. Ninachosema ni kwamba usalama wa dereva wa Detroit na jasho la mkamuaji wa Tanga vilikuwa kwenye soko moja, na bei iliyompunguzia mmoja gharama ndiyo iliyomfukuza mwingine kazini.

Tofauti hiyo ya malighafi inaonekana hata kwenye mafuta. Breki za mwanzo zilitumia mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na alkoholi, kwa sababu hayauvimbishi mpira wa asili. Mafuta ya petroli na ya injini huuvimbisha. Baadaye zikaja aina za mpira wa kiwandani: neoprini, iliyotengenezwa na kikundi cha Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont mwaka 1930, kisha katika miaka ya 1960 mpira wa ethilini na propilini, ambao ndio unaotumika zaidi leo. Mafuta ya sasa ni ya glikoli, na yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu, ambako breki hupata moto, tofauti hiyo ni kati ya pedali ngumu na pedali inayozama hadi sakafuni.

Fundi wa mjomba ni mzee aliyeanza kazi miaka ya 1970. Hakuanza na spana. Alianza na kitambaa.

"Futa kwanza, mwanangu. Uchafu unaficha ufa."

Alipofuta, aliupinda mpira taratibu kwa vidole. Nyufa ndogo zikafunguka kama ngozi ya kisigino. Akamwambia mjomba akanyage breki kwa nguvu huku yeye ameushika, atafute mahali panapovimba. Kisha akaniuliza kama gari lilikuwa linavuta upande mmoja.

"Linavuta kushoto," mjomba akajibu kabla yangu. "Na gurudumu lile linakuwa la moto hata nisipokanyaga."

"Basi ndani kumekufa. Mafuta yanaingia, hayarudi."

Alichosema ndicho kinachowapoteza madereva wengi. Utando wa ndani ukivimba au ukichanika, kipande kinaweza kufanya kazi kama mlango wa upande mmoja. Nguvu ya mguu inayasukuma mafuta yapite, lakini unapoachia, hakuna nguvu ya kutosha kuyarudisha. Breki inabaki imeshika. Watu hubadilisha viatu vya breki, hubadilisha silinda, na mpira ulioleta tatizo unabaki palepale kwa sababu nje hauvuji.

Series III ina mipira mitatu: miwili mbele na mmoja katikati nyuma, unaohudumia ekseli nzima. Yote ilibadilishwa. Gari liliegeshwa mahali tambarare, magurudumu yakawekewa vizuizi, na uzito ukakaa kwenye stendi; fundi haachi gari juu ya jeki pekee. Nati za bomba la chuma zililoweshwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Alishika kichwa cha mpira kwa spana moja na kufungua nati ya bomba kwa nyingine, kwa sababu ukizungusha nati peke yake bomba la zamani linajinyonga na kukatika, na kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili. Washa za shaba zilizotoka hazikurudi, ziliwekwa mpya. Mpira mpya una mistari miwili myembamba iliyonyooka kutoka ncha hadi ncha. Si urembo. Mstari ukijizungusha kama kamba, ujue umefunga mpira ukiwa umejipinda. Baada ya kufunga, alikata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, akiangalia kama mpira unagusa tairi au kuvutika.

Kutoa upepo kulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mjomba alikanyaga na kushikilia, fundi akafungua skrubu, mapovu yakatoka kwenye chupa, akafunga, ndipo mguu ukaachia. Mara nyingi, bila haraka, huku mimi nikiongeza mafuta mapya ili tangi lisikauke.

Nilimuuliza walifanyaje miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wakati fedha za kigeni hazikuwepo na spea zilikuwa za kutafutwa kwa tochi.

"Tuliziba," akasema. "Mpira ukipasuka, tunaukata, tunaziba bomba. Gari linashuka na breki tatu."

"Na lilikuwa linafika?"

"Mengi yalifika."

Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mipira mipya ikarudi madukani polepole. Wanahistoria wa uchumi huuandika mwaka huo kwa majedwali ya uagizaji. Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, ameonyesha kwamba historia ya gari Tanzania haiwezi kuandikwa bila gereji na mafundi wake, na David Edgerton katika The Shock of the Old alishatukumbusha kwamba teknolojia nyingi duniani ni za zamani zinazotunzwa. Nakubaliana nao, na ningeongeza jambo moja: utunzaji nao una waliopotea. Neno "mengi" la yule mzee lina ndani yake magari ambayo hayakufika, na sijaona jalada lililoyahesabu.

Marekani iliweka sheria ya viwango vya mipira ya breki kuanzia mwaka 1968. Mpira hutikiswa kwenye mashine kwa saa 35 bila kupasuka, na tarehe ya kutengenezwa huchapwa juu yake. Ndiyo maana kabla ya kulipa, fundi aliipeleka mipira dukani nje kwenye mwanga, akasoma. Mmoja ulikuwa na umri wa miaka kumi na moja ukiwa bado ndani ya mfuko wake. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Aliurudisha, muuza duka akalalamika kwamba ni mpya, haujawahi kufungwa popote, na fundi akamjibu kwamba upya ni tarehe, si mfuko.

Ukiwa na gari la umri mkubwa, au ukipanda la mwenzio, hilo ndilo la kuuliza: mipira ya breki ina tarehe gani? Wengi hawajui. Land Rover ya mjomba ina tarehe tatu sasa, na nimeziandika kwenye kadi iliyomo ndani ya kisanduku cha dashibodi, pamoja na siku zilipofungwa.