Ukuta wa Mshipa Mkuu na Shutuma za Sumu Mishamo

Mwaka 1978 malori yalianza kuwashusha Mishamo, magharibi mwa Tanzania, wakimbizi wa Burundi waliohamishwa kutoka Ulyankulu, kambi iliyokuwa imefurika watu. Walikuwa wamekimbia mauaji ya 1972. Walipewa msitu wa miombo waufyeke, wakagawanywa vijiji 16, na shirika la Kilutheri la TCRS likasimamia makazi hadi serikali ilipoyapokea mwaka 1985. Mimi ni mtoto wa makazi hayo. Kazi yangu ni fundi wa maabara ya tishu: nakata vipande vya nyama ya binadamu vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, daktari bingwa avisome kwenye hadubini. Kazi hii ina historia ndefu, na naamini ingefika kwetu mapema watu wasingefukuzwa majumbani mwao.

Nina sababu ya kusema hivyo. Mzee mmoja jirani yetu, mkulima wa tumbaku, alishikwa na maumivu ya tumbo yaliyopenya hadi mgongoni akiwa anapanga marobota. Midomo ilipauka, jasho jembamba likamtoka, na jua halijazama akawa amekata roho. Alizikwa kesho yake. Matanga hayajaisha, tayari jina la mama aliyempa uji asubuhi ile lilikuwa midomoni mwa watu. Kalishwa sumu, walisema. Mama yule alifungasha, akaondoka na wanawe. Alikuwa ameshakimbia nchi moja, sasa akakimbia kijiji.

Hakuna aliyelifungua tumbo la marehemu. Maumivu ya ghafla yanayokwenda mgongoni, weupe wa midomo na kifo cha saa chache, kwa mwanaume mzee mvutaji, ndivyo vitabu vinavyoeleza kupasuka kwa aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni na kushuka tumboni mbele ya uti wa mgongo. Yapo maradhi mengine yanayoua vivyo hivyo. Kinachotenganisha moja na jingine ni kufungua na kutazama.

Hivyo ndivyo elimu hii ilivyopatikana tangu mwanzo. Mwaka 1555 Andreas Vesalius alitambua uvimbe wa aota kwa mgonjwa aliye hai, na baadaye maiti ilipopasuliwa ikaonekana alisema kweli. Giovanni Battista Morgagni wa Padua, katika kitabu chake cha 1761, alilinganisha malalamiko ya wagonjwa na kilichokutwa miilini mwao baada ya kufa, aota zilizopasuka zikiwemo.

Kwa karne nyingi mtuhumiwa mkuu wa uvimbe wa aota alikuwa kaswende. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na hofu hiyo, hata hospitali ya Mulago, Kampala, ilianzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya magonjwa ya zinaa. Hapohapo Mulago, katika miaka ya 1940, Jack Davies, mwalimu wa patholojia wa Makerere, alipasua maiti nyingi na kuandika alichokikuta. Mwenzake Hubert Trowell alichapisha mwaka 1960 kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika, akaeleza kwamba mafuta yanayogandamana kwenye mishipa yalikuwa haba kwa Waafrika wa wakati ule. Nawaheshimu sana mabwana hawa, kwa sababu hawakutosheka na kukisia. Waliingia chumba cha maiti.

Kaswende hupenda aota ya kifuani. Huziba vijishipa vidogo vinavyolisha ukuta wenyewe, seli za kinga zikivizunguka, na ngozi ya ndani ikabaki na mikunjo ambayo madaktari huiita gome la mti. Penisilini ilipoenea, sura hiyo ikaanza kupungua. Uvimbe wa tumboni una habari nyingine, na huo ndio ninaoufahamu kwa mikono yangu.

Kipande kinakuja kwenye formalini. Tunakikausha maji kwa spiriti, tunakizamisha kwenye nta, tunakikata, kisha tunakitia rangi ya Verhoeff inayogeuza nyuzi za elastini kuwa nyeusi. Kwenye ukuta mzima, tabaka la kati linaonyesha mistari myeusi ya mawimbi, mmoja juu ya mwingine, na seli za misuli zimelala katikati yake. Kwenye ukuta uliovimba mistari imekatika vipandevipande, na mahali pengine haipo kabisa. Seli za misuli zimepungua. Ndani kuna mafuta yenye nyufa za kolesteroli, chokaa inayokwaruza kisu, na damu iliyoganda tabaka juu ya tabaka. Tabaka la nje limejaa limfositi, aina ya seli za kinga. Seli za kinga humwaga vimeng'enya vinavyomeng'enya elastini na kolajeni. Kolajeni ikishindwa, ukuta hupasuka. Katika miaka ya 1960 Harvey Wolinsky na Seymour Glagov walionyesha kwamba kwa binadamu aota ya tumboni ina matabaka machache kuliko ya kifuani, na sehemu yake ya kati haina vijishipa vyake vya kuilisha. Ni ukuta uliozaliwa na akiba ndogo.

Chini ya figo aota ya mtu mzima ina upana wa kama sentimita 2. Ikifika 3 huitwa aneurismu. Kwa mwanaume ikifika 5.5, madaktari hufikiria upasuaji. Albert Einstein alifungwa yake kwa selofeni mwaka 1948, akaishi nayo hadi ilipopasuka mwaka 1955. Charles Dubost wa Paris alikuwa ameshaonyesha mwaka 1951 kwamba sehemu iliyooza inaweza kukatwa na kuwekwa mshipa mwingine.

Kati ya mambo ambayo mtu anaweza kuyaepuka, hakuna linaloudhuru ukuta huu kuliko sigara. Hilo linaniuma, kwa maana tumbaku ndiyo iliyonisomesha. Wazee wetu walichoma kuni usiku kucha kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, majani mazuri yakaenda sokoni, na masalia wakayasokota kwenye karatasi ya gazeti, wakavuta.

Mwaka 2010 Julius Ogeng'o na wenzake wa Nairobi walichapisha hesabu ya aneurismu za aota nchini Kenya: wagonjwa wengi walikuwa vijana kuliko wa Ulaya, na shinikizo la damu lilikuwa limetangulia. Kusini mwa Afrika, Virusi vya UKIMWI vimeleta sura nyingine tena, kwa watu wa makamo na hata vijana.

Nikienda nyumbani huwaeleza wazee kwamba kinachohitajika ili kujua kilichomuua mtu ni kipande cha mshipa kisichozidi ukucha, na mwili unarudishwa umeshonwa kwa heshima. Baba mdogo aliniuliza kama karatasi ya majibu ingekuwa na jina la mtu aliyeua. Nilimjibu kwamba karatasi hiyo hutaja ugonjwa. Akasema basi ningeileta enzi zile, yule mama angekuwa bado analima shamba lake.